Mstari Nilioruka

Mpendwa dada Zaina,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea mama, lakini sikuisoma yote. Pale ulipoandika, "Mama, njoo Mikumi kabla sijajifungua, mimba hii ya kwanza naiogopa," niliruka. Nikaendelea na salamu za shemeji kwa sauti ileile. Mama akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu mzima," akaitia sandukuni.

Si kwa chuki, dada. Tangu baba atutoke, nawe ukaolewa, hapa Kimamba tumebaki mimi na mama tu. Nilifikiria zile siku arobaini za uzazi, nikajiona natoka shule nakuta kufuli mlangoni, napika ugali wa mtu mmoja.

Unakumbuka ulivyonifundisha Kiingereza barazani? Uliandika "read" kwa mkaa, ukasema ya leo inatamkwa "riid", ya jana "red". Nikauliza, "Sasa nitajuaje?" Ukasema, "Si usome sentensi nzima, mvivu we!" Nikanuna. Ukahamia Kiswahili: "Haya, tembea barabara kwenye barabara, tukuone." Ukanikazisha "ra" ya kwanza, kisha "ba" ya pili, mpaka ulimi ukanikubali. Shuleni wananiita bubu. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukinichekesha.

Sasa mama naye anakwenda kisomo cha watu wazima, kila alasiri. Juzi ubaoni paliandikwa "Tulime barabara." Mama akaitamka ile ya kupita magari. Mwalimu akamwambia, "Mama Zaina, ukiilima, basi litapita wapi?" Alirudi anacheka mpaka machozi. Nikacheka naye, lakini kwa woga, maana siku hizi anaitoa barua yako na kufuata herufi kwa kidole. Jana kafika "Mama, njoo." Akanitazama.

"Njoo wapi?"

Nikasema ni salamu tu, nikabeba ndoo kwenda bombani. Nililia huko, dada, mpaka maji yakamwagika.

Siku zako zimekaribia. Mimi naogopa nyumba tupu. Wewe unaogopa kufa. Nimemfulia mama kanga zake, nimezikunja. Kesho anaweza kupanda basi pale Kilosa. Nisamehe kwa siku nilizokuibia.

Nasikia kandambili zake uani. Karatasi hii naisukuma chini ya godoro. Yako ninayo mkononi, na akiingia tu namsomea yote.

Ni mimi,
mdogo wako