Gunia Moja la Mtama

Alhamisi, kijijini Zuzu

Kumbe ni kweli, serikali haitatulipa tena ile bei yake ya mtama. Karani wa ushirika alitusomea barua leo, kisha akalifunga ghala.

Lori la mfanyabiashara lilikuwa limeshafika. Alitaja nusu ya bei ya mwaka jana. "Msiponiuzia leo, sirudi."

Mume wangu akamkubalia magunia yote, hata ya chakula.

"Baba Sechelela, mvua zikikataa tutakula nini?"

"Tutanunua."

"Kwa nani?"

Akawaashiria wapakizi waanze kubeba. Nikakalia gunia moja, nikagoma kuinuka mbele ya kijiji kizima, mpaka wakaniachia. Tangu hapo hajanisemesha.

Si hasira zake ninazoziogopa. Majirani wameuza mtama wao wote, hata wa chakula, na kila mmoja aliniona nikibaki na gunia.