Ufunguo wa Nekesa

Wajina wangu Wambui,

Huku Bahati hatujambo. Tunavuna mahindi, na mama yako ameniletea barua yako. Unaniuliza kama kweli mtaonana tena mkimaliza kidato cha nne, kwa vile darasa zima mmeapa.

Sisi pia tuliapa. Bwenini, kufuli ya sanduku ilikuja na funguo mbili. Mmoja unakaa nao, wa pili unampa yule unayemwamini. Miaka yote minne wangu wa pili alikuwa nao Nekesa, binti ya mfanyakazi wa reli kule Rongai, na wake nilikuwa nao mimi. Siku ya mwisho tulilia mpaka tukasahau kurudishiana.

Nilimwandikia. Akajibu, "Si ni Rongai tu? Utaniletea."

Nilikaa mwaka mzima kabla ya kwenda. Nilipofika stesheni nikaambiwa, "Hao walihamishwa kitambo, siste." Wapi, hakuna aliyejua.

Baadaye nikapoteza ufunguo wangu mwenyewe, sanduku likiwa limefungwa. Babu yako alichukua nyundo avunje kufuli, nikamkatalia. Ndani mna sweta ya shule na picha ya darasa, basi.

Kwa hivyo, mami, mtihani ukiisha muulize rafiki yako kwao ni wapi hasa, na uende mapema. Mimi sura ya Nekesa imeanza kunipotea. Nikivunja ile kufuli nitamwona kwenye picha, lakini nitakuwa nimekubali kwamba haji.

Ni mimi mwenye jina lako,
Shosho