Flashi ya Babu Yako

Elieth,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Asante kwa kunichotea maji kabla sijaamka.

Asubuhi nimechomeka flashi nyekundu nimsikilize marehemu babu yako akiimba huku akipiga nyuzi za litungu lake. Redio kimya.

Jana uliniambia, "Bibi, nikiweka kwenye flashi hii Windows ya kutengenezea kompyuta ya mwalimu, vya humu vyote vitafutika. Kuna kitu?" Nikajibu hakuna. Nilidhani sauti yake inakaa ndani ya redio. Kosa si lako.

~~Usiitumie tena.~~ Itumie, mwalimu asikwame.

Nimekwenda Natta kwa shangazi yako, ndiye aliyemrekodi kwa simu. Kama naye alifuta, jioni utanirekodi mimi. Maneno ya nyimbo zake yote ninayo, sauti yake tu ndiyo sina.

Bibi yako