Punje ya Thelathini na Tatu

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mfungo wa kwanza. Wengine wameanza jana, wanasema mwezi wameuona. Sisi Mwembesongo tumeanza leo. Mwezi gani unaonekana na mvua hii!

Diary yenyewe ni ya mwaka jana. Nilichukua dazeni Kariakoo, haikutoka hata moja. Mtu wa Mwembesongo apange miadi na nani? Juu wameandika Jumatano, nimekata, nimeandika Alhamisi. Basi na mimi nina diary kama mkurugenzi. Mkurugenzi wa meza moja na mwavuli.

Raya bado yuko kwao Matombo. Leo siku ya ishirini na tatu tangu mama yake, Bi Chausiku, afariki. Niandike mara moja nimalize, maana kila mtu mtaani ana yake.

Mimi Mnyamwezi. Baba alikuja huku kukata mkonge, akabaki. Raya Mluguru. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kila mtu anajua. Kwenye msiba mtani ana ruhusa yake. Sasa mimi ni mtani, halafu ni mkwe. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kaburi limeshachimbwa, wanaume wamesimama kimya, mvua inanyunya. Mimi nikaingia mle ndani nikalala. Nikasema Bi Chausiku kaniachia chumba, kodi imelipwa, anayenitaka nitoke atoe hela! Watu walicheka. Hata Mjomba Mwinjuma, kaka yake marehemu, nilimwona anajifuta macho na mabega yanamtikisika.

Raya alikuwa nyumbani na wanawake. Alisikia wanaume wanacheka kwenye kaburi la mama yake. Akauliza nani anachekesha. Wakamwambia: mumeo.

Hajasema na mimi tena.

Siku ya tatu Mjomba kaniita uani. Mkwe hana utani kwa mama mkwe, kasema. Nenda mjini. Kila ukimaliza kuswali kaa chini, mshukuru Mungu kwa ajili ya dada yangu, alhamdulillahi thelathini na tatu, mpaka arobaini. Bila mzaha! Siku ya arobaini uje, Raya atasema mwenyewe mbele yetu, anarudi na wewe au anabaki.

Nikamwambia mjomba, marehemu mwenyewe ndiye aliyeniagiza.

Kanitazama. Maiti hatoi ushahidi, kasema.

Na ni kweli aliniagiza! Tulikuwa tunaanika pilipili manga, mimi na yeye. Akasema mtani, siku yangu usiwaache wanililie kama nimeibiwa. Ingia humo uwadai. Tulikuwa wawili tu. Mashahidi wangu ni kuku, na wale walishachinjwa msibani.

Ijumaa, 2 Januari

Nimefanya. Midomo tu. Alhamdulillahi alhamdulillahi, kama kondakta anaita abiria.

Natumia tasbihi ya biashara, hizi za plastiki nyeupe nilizoleta kwa ajili ya Ramadhani. Zimetoka Dubai, zinang'aa. Mzee Stambuli anayekaa pembeni yangu msikitini yake ni ya mbao, nyeusi kwa jasho. Mimi namaliza kabla yake kila mara. Kaniuliza, Mikidadi, unawahi basi?

Jumapili, 4 Januari

Neno moja mara thelathini na tatu linachosha. Nimeanza kuipa kila punje kitu chake. Maji ya bomba yametoka — alhamdulillahi. Geofrey wa meza ya betri ananilindia mali nikienda kuswali, na yeye Mkristo, hapati chochote — alhamdulillahi. Jino limeacha kuuma. Mama mwenye nyumba kasafiri — alhamdulillahi sana!

Ukiwa unatafuta vya kushukuru unaanza kuviona. Jambo la ajabu. Nimepita sokoni leo nimesimama kutazama mapapai kama mjinga.

Bi Chausiku nimemweka mwisho, punje ya thelathini na tatu. Nilitaka nifike kwake nimeshachangamka. Maana yake yeye ni hivi: mwaka tisini na tatu tulipopunguzwa kiwandani, mwajiri alinipa barua, mama mkwe akanipa kopo la pilipili manga. Barua haikuuzika. Pilipili iliuzika. Biashara yangu yote imetoka kwenye kopo lile.

Lakini kila nikihesabu simfikii. Nashtukia kidole kimegonga ile punje ndefu ya mwisho, imamu, na yeye bado sijamtaja. Narudia, hivyo hivyo. Darasa la nne hili! Hata hesabu ya kuswalia inanishinda.

Jumatatu, 5 Januari

Nimepeleka zawadi Matombo. Hatibu dereva anapandisha lori kufuata ndizi, nimempa tasbihi dazeni moja, za kusomea hitima siku ya arobaini. Nimemwambia moja ampe Raya mkononi mwake. Awaambie wajue kwamba nimetulia.

Nimejisikia vizuri mpaka nimeimba. Geofrey kasema nyamaza, wateja wanakimbia.

Jumatano, 7 Januari

Mvua. Mvua. Sijauza kitu. Jirani kaleta kofia za China zile zile ninazouza mimi, kaweka meza hatua tatu kutoka yangu. Siku hizi kila kitu ruksa. Ruksa kuleta, ruksa kuuza, ruksa kulala na njaa.

Uradi nimefanya. Sikumfikia tena.

Alhamisi, 8 Januari

Ee Mungu wangu.

Leo Mzee Stambuli kachoka na mimi. Baada ya alasiri kaninyang'anya tasbihi, kavaa miwani, kahesabu. Kahesabu tena. Akasema, Mikidadi, hii inaishia thelathini na mbili.

Nikasema mzee macho. Akasema macho ni yangu, tasbihi ni yako.

Nimekimbia mezani, nimemwaga boksi zima. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Zote! Huko zilikotengenezwa mtu kakosea mara moja, mashine ikaendelea.

Geofrey alicheka mpaka akashika mwavuli asianguke. "We Mnyamwezi, wateja wote umeshawapunja wakaisha, sasa umehamia kwa Mungu? Unampunja Mungu punje!"

Na mimi nikacheka. Nimepunguzwa kazini, nimepungukiwa mke, tasbihi nayo imepungua. Nikacheka sana. Halafu nikakumbuka lile lori la Hatibu.

Kule juu wanazo dazeni nzima. Watu wazima watakaa kwenye mkeka wamsomee marehemu, watahesabu, itapungua moja moja kila mkono. Nani atasema ni kosa la kiwanda? Watasema yule mtani katufuata mpaka kwenye hitima.

Ijumaa, 9 Januari

Nimesimama mlangoni msikitini watu wakitoka Ijumaa. Nikatangaza: jamani, walionunua tasbihi kwangu wazilete, zina upungufu wa punje moja, nitazijaza bure.

Wamecheka! Mmoja kaniambia Mikidadi wewe utaiacha lini michezo, hata Ramadhani? Mwingine akauliza na kanzu zako zina mkono mmoja? Nikaapa. Wakazidi. Hajarudi mtu hata mmoja.

Miaka yote nimewauzia uongo wakanunua. Ukweli wa bure wameukataa.

Jumapili, 11 Januari

Hatibu kashuka. Kwa shida. Anasema mbele ya Mkuyuni maji yamebeba karavati, yeye alivuka juzi kabla halijaenda. Sasa gari halipandi wala halishuki.

Nimemuuliza mzigo wangu. Kasema nyingine kampa Mjomba Mwinjuma, moja kampa Raya mkononi kama nilivyomwagiza.

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alisimama mlangoni akaanza kuhesabu."

"Akahesabu?"

"Akamaliza, akarudia toka mwanzo."

"Akacheka?"

"Raya? Ndugu yangu, Raya wa kucheka?"

Ndivyo alivyo. Miaka sita sijamfanya acheke hata mara moja. Mtaa mzima unacheka, yeye anapepeta mchele. Mama yake ndiye aliyekuwa anacheka, mpaka anakaa chini. Raya anasema basi mama, utaumwa mbavu.

Jumanne, 13 Januari

Leo sikufanya. Sina cha kushukuru. Niandike ukweli, hii diary hasomi mtu.

Nashukuru nini? Nilifanya kazi ya watu miaka kumi na moja, wakanipa barua. Nikafanya alichoniomba marehemu, nikafukuziwa mke. Nikatubu, tubio lenyewe likatoka Dubai na kasoro! Mungu naye kama ni mtani basi aseme, tujue.

Bi Chausiku angesema alhamdulillahi. Alikuwa anaikera dunia na neno hilo. Kuku kafa — alhamdulillahi. Mvua imebeba shamba la migomba, kasimama ukingoni anatazama udongo unavyoshuka — alhamdulillahi. Siku hiyo nilimwambia mtani, hapo unamshukuru kwa lipi? Akasema simshukuru kwa migomba, nashukuru sikuwa nimelala chini yake. Halafu akaenda nyuma ya nyumba. Alipotoka macho mekundu. Akaniambia moshi.

Hakukuwa na moto wowote nyuma ya nyumba.

Jumatano, 14 Januari

Alfajiri nimekwenda. Aibu tu, maana Mzee Stambuli angekuja kunigongea.

Nimehesabu kwa tasbihi ile ile mbovu. Sikuibadilisha. Nimefika thelathini na mbili, kidole kimegonga imamu. Nikakiinua. Nikakiacha hewani pale pasipo na kitu, nikasema: alhamdulillahi, Bi Chausiku.

Basi. Ilitoka. Sijui nieleze vipi. Sikulia msibani, sikulia siku ya tatu. Nimelia leo mbele ya safu nzima, kamasi mpaka kwenye kanzu. Mzee Stambuli kadhani tumbo. Kaniambia kama ni njaa vumilia, jua ndiyo kwanza linatoka.

Mchana nimeuza kofia mbili. Sikumdanganya mtu. Nimejisikia vizuri, kisha nikakumbuka arobaini, nikajisikia vibaya. Vyote vilikaa pamoja.

Jumamosi, 17 Januari

Mkuyuni. Nalala kwenye baraza ya msikiti, kesho natembea.

Nimekata tasbihi moja nikatoa punje kumi na mbili. Ziko ndani ya kiberiti. Nina sindano na uzi. Nikiwahi kabla hawajagawa, nazijaza zote nakaa kimya. Nikichelewa, basi.

Geofrey kanipa sukari kilo moja ya kupeleka kwenye hitima. Kasema ukiachwa, rudi na sukari yangu.

Jumapili, 18 Januari

Matombo. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya marehemu. Bado kidogo magharibi. Miguu imevimba, tope mpaka magotini.

Nilifika wameshaanza kusoma. Nikakaa nyuma mpaka wakamaliza. Tasbihi zangu niliziona kwenye sinia pembeni, zimefunikwa na kitambaa. Hakuna aliyezishika.

Nikamfuata Mjomba. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu mali yako?" Akafunua kitambaa. "Thelathini na mbili. Tumehesabu wote. Wazee wamekasirika, mimi nimewaambia acheni, muulizeni Raya."

Nikatoa kiberiti. Nikasema sikujua, mjomba, nimekuja kuzijaza.

Akafungua, akatazama vile vipunje. "Na huu nao ni mzaha?"

"Hapana, mjomba."

Akanitazama tope langu mpaka chini. Sikusema neno. Maneno ninayo, alijua ninayo! Akanirudishia kiberiti akasema kaa pale uzijaze, baada ya kufuturu Raya atasema lake.

Nimekaa hapa tangu alasiri. Nafungua fundo, naingiza punje, nafunga. Watoto wamekuja kutazama, wakaona sichekeshi, wakaondoka. Nimejaza kumi na moja. Kwenye sinia zilikuwa kumi na moja.

Ya kumi na mbili iko kwa Raya.

Amepita sasa hivi na ndoo ya maji. Kakonda. Nikasema habari za hapa. Akasema nzuri, kwa pua. Akaenda jikoni. Akarudi bila ndoo, akasimama mbele yangu, akafungua upindo wa khanga. Akanidondoshea tasbihi mapajani, akarudi jikoni.

Nikafikiri ananirudishia. Yaani ndiyo jibu lenyewe hilo, hataki hata kusubiri futari. Nikachukua sindano nijaze hivyo hivyo, uzi hauingii. Nikahesabu kwanza.

Thelathini na tatu.

Nimerudia. Thelathini na tatu! Ya mwisho, inayogusana na imamu, siyo nyeupe. Nyeusi, imekunjamana, ndogo kuliko wenzake. Nimeinusa.

Pilipili manga.

Kaitoboa yeye. Lini? Ananikumbusha mama yake, au kopo, au ananiambia nikale pilipili? Nimefunga, siwezi hata kuionja nijue. Mjomba kanitupia jicho, anaona nanusa tasbihi kama mwehu. Kucheka siwezi. Sijui ni kucheka au kulia, nimekaza meno.

Kiberiti kimebaki na punje moja.

Wanatandika mkeka. Jikoni mtu kakohoa. Kakohoa tena — siyo kikohozi hicho, ni kama kicheko kinachobanwa. Labda moshi. Nimegeuka kutazama juu ya paa la jiko, hakuna moshi wowote.