Usimlete Upendo Kwetu

Korogwe, Jumanne

Kaka Elisha,

Shikamoo. Mahindi uliyotuma kutoka Handeni yalinifikia hapa chuoni, na watoto nyumbani wanayachoma kila jioni.

Umesema binti yako Upendo aje asomee umeme kwetu, kwa kuwa mimi shangazi yake ndiye ninayepokea wageni hapa. Kaka, usimlete. Hapa vitendo vya umeme tunavichora ubaoni. Karakana ina meza tu. Chuo cha ng'ambo ya barabara wana vifaa, na cheti chao cha usajili kimetundikwa ukutani, nimekiona mwenyewe.

Lakini mkuu wetu ametuagiza, mtu akikiulizia chuo kile, tuseme hakijasajiliwa. Wiki iliyopita nilimwambia hivyo mama mmoja wa Makuyuni. Akanishika mikono, "Asante mwanangu, Mungu ndiye aliyekuweka hapa." Akamwandikisha binti yake kwetu.

Nilipolisoma jina la Upendo katika barua yako, nikamwona binti yule. Leo nimempigia mama yake, nikamweleza ukweli wote. Nilipokata simu nikageuka. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Ukituma mzigo mwingine, usiandike anwani ya chuo. Andika ya nyumbani.

Mdogo wako,
Yuditha