Goti Langu na Mbuzi wa Mama Yako

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa mjini Wote tu salama, na mbuzi aliyeniachia mama yako amezaa mapacha. Unauliza mbona goti bado lauma ilhali daktari aliyelipasua alitoboa matundu madogo mawili tu.

Nikiwa msichana nilijikata mguu mtoni. Dada yangu aliufunga huku akiimba, wala sikulia. Alipofariki, kovu lililokwisha kupona likaanza kuuma upya.

Sasa kila asubuhi Kioko, mume wangu mpya, mpenzi wa moyo wangu, hunishika mkono nikifanya mazoezi. "Kunja, bibi harusi," husema, nami nakunja nikicheka. Lakini jana mama yako, ambaye hajaikubali ndoa yetu, alinipita sokoni bila salamu. Goti likakataa kukunjika.

Ukimpigia simu, mwambie tu mbuzi wake amezaa.

Nyanyako,
Kanini