Pasipoti ya Byeol

Jumatatu, 4 Septemba
Byeol kachaguliwa! Timu ya kuruka kamba ya shule inakwenda Japani kwa meli mwezi ujao, mashindanoni. Karudi mbio, kiatu kimoja mkononi. Bong-su, mume wangu, kamwonya: "Melini usiruke, utatuzamishia watu." Tumechoma nyama, mtungi wa kimchi, kabichi yetu ya pilipili, tumeukwangua mpaka chini.

Jumanne, 5 Septemba
Ofisi ya pasipoti. Binti wa dirishani ana adabu ya kuudhi. Eti mimi ni mzazi wake? Nikasema mlezi, miaka sita, serikali yenyewe ndiyo iliyonikabidhi. Samahani mama, mlezi hana idhini hiyo. Atie sahihi mzazi wa kuzaa, au twende mahakamani—miezi! Kumwogesha, ruhusa. Kukesha na homa yake, ruhusa. Kumpandisha meli—marufuku! Bong-su kanivuta mkono nisituaibishe.

Mama yake alifariki. Baba yupo, Maeng Gi-tae. Hupiga simu mwaka mpya, basi.

Jumatano, 6 Septemba
Afisa wa ustawi kampata huyo baba. Anaendesha kreni ya ujenzi mjini Busan, kakubali tumfuate.
Bong-su, wakati wa kula: "Akimtaka je?" Kauliza kama anayeomba chumvi. Akimtaka, sheria ni yake. Nikamsogezea chumvi.

Alhamisi, 7 Septemba
Kreni ndefu mpaka shingo inauma! Msimamizi kamwita Gi-tae kwa redio. Sauti ikakwaruza: "Byeol mzima?" Hilo ndilo la kwanza kuuliza. Nikampenda kidogo, nikachukia kumpenda.
Kashuka. Mwembamba, mwenye haya.
Bong-su: "Mwanangu, huko juu kuna choo?"
"Mzee, usiulize!"
Wakacheka kama waliokunywa pamoja. Kesho anakuja ofisini kutia sahihi.

Ijumaa, 8 Septemba
Kaja na suti mpya, lebo inaning'inia. Byeol kajificha mgongoni kwangu, mara katoa kamba, akaruka mbele ya baba yake pale pale kwenye foleni! Mlinzi kafoka. Gi-tae kapiga makofi, macho mekundu.
Sahihi katia mara moja. Mimi huyo, natafuta mwavuli tuondoke. Yeye kabaki dirishani.
"Dada, hizo ruhusa za mzazi nikitaka wapewe hawa, naanzia wapi?"
Binti akaanza kumweleza habari za mahakama. Akamkatiza, akanigeukia mimi.
"Na nikiwapa, mama, mtaniacha nije kumwona?"
Byeol ananitazama. Bong-su anatazama viatu vyake.
Nikasema naenda msalani.
Nimo humu, naandika juu ya mkoba. Jibu la haki ninalo: aje. Mdomoni halitoki. Bong-su anagonga: "We mama, umezama?" Nyuma yake nasikia kamba ya Byeol, na mtu anamhesabia, kwa sauti ya kukwaruza kama ile ya redioni: Gi-tae.